Mwavuli wa mota mbele ya kioo

Jua la Abu Dhabi linajulikana, na bado wajenzi wa huko wanapenda kioo. Minara pacha ya Al Bahar, iliyokamilika mwaka 2012, ilikuja na dawa yake. Mbele ya vioo, kwenye fremu iliyosogezwa nje, zimefungwa pembetatu za kitambaa kigumu, zaidi ya elfu moja kwa kila mnara. Kompyuta hulifuata jua na kuendesha mota: upande unaopigwa hujifunika kama mwavuli, jua likihama hujikunja. Upande wa kaskazini hakuna kitu, hakihitajiki. Wabunifu walikadiria kuwa joto la jua liingialo ndani lingepungua kwa zaidi ya nusu.

Kanuni yao ni sahihi. Joto huzuiwa nje, kabla halijafika kwenye kioo. Pazia la ndani huchelewa. Jua limeshaingia, na kazi iliyobaki ni ya kiyoyozi na bili ya umeme. Mashrabiya za Waarabu, zile kimia za mbao za kufunika madirisha, zilizingatia hilo, na madirisha ya mbao ya Mji Mkongwe, Zanzibar, pia, ila mota yake ni mkono wa mwenye nyumba.

Shida ni mota. Paris ilijifunza mapema. Mwaka 1987 msanifu majengo Jean Nouvel aliipa Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu ukuta wa kusini wenye paneli 240, zilizojaa vitundu vya chuma vinavyofumba na kufumbua kama jicho la kamera kulingana na mwanga. Ni kazi nzuri ajabu. Lakini vyuma vile vidogo vilikwama, na ukuta ukabaki bila uhai kwa miaka mingi hadi ukarabati wa 2017. Kila kiungo kinachocheza ni kiungo kitakachochakaa, na jangwani kuna vumbi juu yake.

Kwa hiyo nikipewa kiwanja kitupu, ningepunguza kioo kwanza, kisha niweke vivuli vya zege visivyosogea. Ambaye ameshajenga mnara wa kioo, huyo mwavuli wa nje unamfaa, mradi bajeti ya fundi iwepo kila mwaka na si ya ufunguzi tu.

Kinachonivutia zaidi hakina waya. Msanifu majengo Achim Menges alionyesha hapo hapo Paris, mwaka 2012, vipande vyembamba vya mbao vinavyojikunja na kujikunjua kwa unyevu wa hewa tu, kama koni ya msonobari. Ila vilikaa ndani ya kabati la kioo, ambamo unyevu ulipangwa kwa mashine.