Tunadhani tukishasema Kiswahili tumeshaelewana

Niliosoma nao uuguzi wakinipigia simu huuliza mshahara kwanza, halafu mashine, halafu baridi. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza habari za fomu. Na mimi ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha Leicester, mji wa Uingereza ninakofanya kazi, nikipeleke wodini nyumbani, mashine ningeziacha nikabeba fomu.

Ni fomu ya kumpokea mgonjwa anapolazwa, ingawa siku hizi iko kwenye kompyuta. Unamuuliza: unapendelea kuitwaje? Unazungumza lugha gani, tukutafutie mkalimani? Kipi usichokula? Ukihitaji kuogeshwa, usaidiwe na mwanamke au mwanamume? Kuna ibada ambayo tusiikatize? Wapo Waswahili wenzangu huku wanaoicheka, wanasema Wazungu wanajaza karatasi ili wasishtakiwe. Sawa, nusu ya hilo ni kweli. Lakini mgonjwa ameshaulizwa, na mwenye zamu ya usiku hana kisingizio.

Leicester haikuzaliwa na adabu hii. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, halmashauri ya mji huu ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Wakaja. Leo wodini nawakuta wazee waliozaliwa Jinja, Kisumu na Mwanza, na baadhi yao Kiswahili chao ni kizuri kuliko cha wanangu.

Mmoja alikuwa mama wa makamo ya bibi yangu, mzaliwa wa Moshi. Fomu yake iliandikwa kwamba hali nyama, kwa hiyo kila mchana analetewa trei ya mboga, na kila mchana trei inarudi kama ilivyokwenda. Chati ya chakula imejaa "amekataa", "amekataa", "vijiko viwili". Uzito unashuka, yameshaanza maneno ya kumpa zile chupa za maziwa ya kuongeza nguvu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

Tukaanzia Moshi, tukazunguka sokoni, ndipo nikamuuliza mbona hali. Akainua mfuniko wa trei, akanionyesha kwa uma: kiazi, kitunguu, kiazi tena. Yeye ni Mjaini, mfuasi wa dini ya Kihindi ya Ujaini. Nyama hali, na pia hali vitunguu, saumu, viazi, wala chochote kinachong'olewa ardhini. Fomu ilikuwa na kisanduku cha "mla mboga" tu, na aliyeuliza alitia tiki akaenda zake. Jioni mkwewe akaleta dengu na chapati. Kwa sheria ya wodi ile, chakula cha kutoka nje hakipashwi moto. Akakila kimepoa, akamaliza chote.

Sasa fikiria mama huyo angekuwa amelazwa hospitali ya mkoa kwetu. Saa sita mchana geti linafunguliwa, ndugu wanamiminika na hotipoti na chupa za chai, na mkwe angejua cha kupika bila kuulizwa na mtu. Katika hili tunawaacha Waingereza mbali sana. Ndugu ndiye fomu yetu. Anajua mgonjwa anaswali saa ngapi, anataka maji ya kutawaza kwenye kopo na si karatasi, anaona haya kuvuliwa mbele ya nani. Huku ndugu anahesabiwa mgeni, anakaa kwenye kiti cha plastiki, na muda ukiisha anaombwa kwa heshima atoke.

Ila tusijisifu kupita kiasi. Tunawaachia ndugu kwa sababu usiku wodi nzima iko chini ya nesi mmoja, na wagonjwa wanalala mzungu wa nne. Asiye na ndugu mjini anaishi kwa huruma ya kitanda cha jirani.

Halafu kuna jambo linaloniudhi zaidi. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, lakini kwa kuwa sote tunazungumza Kiswahili, nesi wa kwetu anaona hana cha kuuliza. Anatoka Kilimanjaro anapangiwa Masasi, au anatoka Tanga anapangiwa Simanjiro, na siku ya kwanza tu anajua kila kitu. Kuna jamii zinazomfunda binti avumilie uchungu bila kutoa sauti. Akifika leba kimya anaambiwa bado sana, arudi akatembeetembee. Anayelia naye anaulizwa kama alilia hivyo siku anaitafuta hiyo mimba. Mzazi akiomba kondo la nyuma ili likazikwe nyumbani kama walivyofanya mama zake, anachekwa, na kondo linakwenda shimoni. Huku Uingereza, mzazi akitaka kondo lake anapewa aende nalo.

Na Kiswahili chenyewe hakitoshi. Nimemwona mgonjwa wa Uvira, Kongo, akitafutiwa mkalimani wa simu, akapatikana mtu mwenye lafudhi ya Mombasa, wakawa wanasikilizana nusunusu huku mfumo umeshaandika "mkalimani: amepatikana".

Muuguzi Mmarekani, Madeleine Leininger, alianza kuyafikiria haya miaka ya 1950, alipokuwa akihudumia watoto wenye matatizo ya akili na kuona kila mtoto anataka kutunzwa kwa namna ya kwao. Baadaye alikwenda kuishi na Wagadsup wa Papua New Guinea. Kozi za mtandaoni tunazofanyishwa huku kila mwaka ni wajukuu wa kazi yake, na zingine ni wajukuu watukutu kweli: Muislamu anataka hivi, Mwafrika anapenda vile, bonyeza uendelee. Orodha kama hiyo ndiyo iliyomletea mama wa Moshi viazi.

Kisha kuna mwili wenyewe. Desemba 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha barua ya watafiti wa Marekani kuhusu kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Kati ya wagonjwa ambao kipimo kilionyesha asilimia 92 hadi 96, yaani hali ya kuridhisha, damu ya ateri ilionyesha oksijeni chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na katika vya Wazungu asilimia 3.6. Baada ya hapo huku tukaanza kukumbushwa: kwenye ngozi nyeusi angalia fizi na midomo kwa ndani, na kidonda cha mgandamizo, kile cha kulala muda mrefu bila kugeuzwa, kitafute kwa mkono, joto na ugumu wa ngozi, usisubiri wekundu.

Mimi nilisomea uuguzi Tanzania, kwa wagonjwa karibu wote weusi, na nilifundishwa kusubiri wekundu. Vitabu vilitoka Uingereza. Sasa naomba mlioko vyuoni mnisaidie: fungueni ukurasa wa vidonda vya mgandamizo, hatua ya kwanza, halafu mniambie ngozi iliyopigwa picha hapo ni ya nani.