Sikio linafaidi, miguu je?

Ilikuwa jioni, Katuba, mtaa wa Lubumbashi, umeme umerudi baada ya siku mbili za giza, na mtoto wa mdogo wangu alikuwa ameikalia kompyuta yangu kuukuu. Alichukua wimbo wa rumba ambao baba yake anaupenda, akaufungua ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, akaushusha hadi asilimia 80 ya mwendo wake, akauongezea mwangwi, akafungulia spika. Jirani yetu, mzee aliyepiga gitaa katika baa za Kamalondo na Kenya, mitaa ya mji huuhuu, tangu ujana wake, alichungulia mlangoni. Hakusalimia.

"Nani alikufa huku?"

"Hakuna, Nkambo," kijana akacheka. "Njo vile batu banasikiliza sasa."

"Banasikiliza ama banalia?"

Mimi nilicheka pamoja na kijana, lakini tangu siku ile swali la mzee limekataa kunitoka kichwani. Vijana wengi hapa Lubumbashi hawausikii tena wimbo wanaoupenda kwa mwendo ambao wanamuziki waliupiga. Wanaushusha wenyewe, au wanaupakua ukiwa umeshushwa tayari na mtu wasiyemjua. Je, hiyo ni namna ya kuusikia wimbo vizuri zaidi, au ni namna ya kuuharibu kwa mapenzi?

Ubishi huu unachanganyikiwa mapema kwa sababu watu wanaita kwa jina moja mambo mawili. Njia ya kwanza ya kupunguza mwendo inafanana na ukanda wa kaseti unaozunguka taratibu: wimbo unachelewa na sauti inashuka pamoja nao. Uondolee karibu asilimia 6 ya kasi, umeushusha nusutoni moja, hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za gitaa. Ukate kasi nusu, umeshuka oktava nzima, yaani nusutoni 12, na mwanamke anaimba kama mwanamume. Njia ya pili inachelewesha wimbo na kuiacha sauti pale ilipo. Programu inaukatakata wimbo vipande vya sehemu ndogo mno ya sekunde, inavipanga upya vikipandana, na palipo na pengo inarudia kipande. Sekunde 10 zikitakiwa kuwa 20, hizo 10 za ziada lazima zitungwe. Ukizidisha, ngoma zinaanza kugugumia, uzi wa gitaa uliopigwa mara moja unasikika mara mbili, na mwimbaji anakuwa kama ametia kichwa ndani ya ndoo ya maji.

Audacity, iliyotoka mwaka 2000 na inayopatikana bure, ina njia zote mbili, na zimekaa jirani katika menyu moja. Nimeona watu wakibishana usiku kucha kama wimbo fulani "umetulia" au "umeharibika", kumbe kila mmoja amebonyeza kitufe chake.

Kinachowavuta vijana ni ile njia ya kwanza, na siwezi kusema hakuna kitu pale. Wimbo wa dakika 4 ukiushusha hadi asilimia 80 unakuwa wa dakika 5. Sauti inashuka karibu nusutoni nne. Koo la mwimbaji linakuwa kubwa kuliko la binadamu. Mtetemo wa sauti yake, kama ulikuwa mara sita kwa sekunde, sasa haufiki tano. Pumzi aliyovuta kabla ya mstari inarefuka hadi unaisikia ikipita puani. Hata chumba alichorekodia kinapanuka, maana mwangwi wake unachelewa kufa. Sikio halipigi hesabu hizo. Linachosikia ni mtu mkubwa, aliyechoka, anayeimba kutoka mbali. Ukiwa peke yako usiku, umevaa spika za masikioni, mtaa mzima uko gizani na jenereta ya jirani imenyamaza, mtu wa namna hiyo anakuwa rafiki. Kijana wangu aliniambia kwamba ni katika wimbo ule alioushusha ndipo alipoyasikia maneno ya Kilingala ambayo miaka yote alikuwa akiyaimba kwa kubabaisha. Baba yake bado anababaisha.

Tena kazi hii ina heshima yake mahali ilikokomaa. Huko Houston, Marekani, katika miaka ya 1990, DJ Screw, aliyefariki mwaka 2000, alizishusha nyimbo za rap kwenye santuri, akazikata, akarudia maneno, akazirekodi kwenye kaseti zilizozunguka mji mzima kutoka mkono kwa mkono. Ila yeye alikuwa anachagua mstari urudiwe wapi, neno likatwe wapi, santuri ya pili iingie lini. Mikono yake inasikika mle ndani. Kuburuta kidole kwenye kipimo hadi kisomeke 80, kisha kuweka picha ya mvua dirishani, ni kazi ya dakika mbili, na dakika mbili hizo zinasikika pia.

Sasa tuje upande wa mzee, ambao kwa muziki wetu una uzito kuliko kwa muziki wa wengine. Nyimbo nyingi za rumba ya Kongo, ile ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi wa Desemba 2021, zina mlango katikati. Mbele ya mlango watu wanaimba taratibu, wanalalamika, wanabembeleza. Nyuma yake ni sebene: magitaa yanabaki peke yake na ngoma, mzunguko mfupi unarudiwa na kurudiwa, na waliokuwa wamekaa wanasimama. Mpigaji anajua mlango huo uko wapi, mchezaji naye anajua. Ukishusha wimbo mzima kwa kipimo kimoja, sehemu ya kwanza inaweza kupona, hata kupendeza zaidi, kwa kuwa ilikuwa ya machozi tangu mwanzo. Sebene haiponi. Miguu ina mwendo wake, haiwezi kungoja. Atalaku, ambaye kazi yake ni kuwasha moto kwa kelele zake, anasikika kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. (Anayefaidi ni mmoja tu: tajiri aliyelipa ili jina lake litajwe. Libanga lake, yaani kule kutajwa, limerefuka kwa robo nzima, na hakuongeza hata faranga moja.)

Kwa hiyo nilipomwambia mzee kwamba ana haki, nilikuwa namaanisha. Nilichomkatalia ni pale alipoanza kuhubiri kwamba wimbo usiguswe, usikilizwe kama ulivyotoka studio. Nilimuuliza: wewe mwenyewe uliusikia lini kama ulivyotoka studio?

Sisi wa umri wangu tulikua na redio kaseti. Betri zikianza kuchoka, mota ilikosa nguvu, na wimbo ukashuka wenyewe, mwendo na sauti pamoja, sawasawa na njia ya kwanza ya Audacity. Tulizitoa betri, tukazianika juani ukutani mchana, jioni tukapata nyimbo mbili tatu zaidi. Kuna wimbo mmoja ambao nilikuja kuusikia kwa mwendo wake halisi nikiwa mtu mzima, katika taxi-bus kutoka mjini, nikadhani dereva ameuharakisha. Na kabla yetu palikuwa na santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulibeba kama dakika 3 tu. Leo mtu akizihamishia kwenye kompyuta kwa mashine isiyozunguka sawasawa, gitaa linatoka nusutoni juu au chini, na mpigaji wa kusahihisha alishazikwa. Mwendo halisi tunautetea kwa ukali, huku wengi wetu tunautetea kwa kumbukumbu ya betri zilizochoka.

Mzee alinyamaza kidogo. Halafu akasema: "Ile ilikuwa shida. Hii munafanya kwa kupenda." Sikupata jibu la haraka, na hadi leo nalitafuta.

Kuna upande wa tatu ambao katika ubishi wa vijana na wazee hauguswi sana, nao ndio ulionifanya niipende programu hii. Ni kujifunza. Wapiga jazi wa Marekani walijua ujanja huo zamani: santuri ya mizunguko 33 na theluthi moja ukiizungusha kwa 16 na theluthi mbili, mwendo unakuwa nusu kamili na sauti inashuka oktava kamili. Ufunguo wa wimbo haubadiliki, yaani noti zinabaki na majina yaleyale, kwa hiyo unaweza kushika ala yako ukafuatana na mpigaji wa santuri noti kwa noti. Ukishusha kwa kipimo kingine, gitaa lako halipatani tena na wimbo mpaka ukaze au ulegeze nyuzi. Njia ya pili ya programu imeondoa kero hiyo: chagua asilimia yoyote, ufunguo unabaki pale pale.

Hapa Katanga tuna sababu ya pekee ya kuihitaji. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Bunkeya, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Usikilize rekodi zake kwa mwendo wake, utaapa kuna magitaa mawili chumbani. Nilipozishusha hadi asilimia 50, bila kugusa sauti, ndipo nilipoliona gumba: linatembea chini, linashikilia nyuzi nene kama mtu anayehesabu hatua, na shahada inaingia juu yake, mara mbele kidogo, mara nyuma kidogo. Nilikuwa nimeusikiliza muziki huo miaka mingi, na sikuwahi kusikia kwamba ile noti ya juu inachelewa. Programu imenifundisha kitu ambacho mzee jirani, pamoja na mikono yake yote, hakuweza kunieleza, kwa sababu yeye anajua kupiga tu. Akipunguza mwendo ili nimwone, mikono inasahau.

Lakini ndani ya faida hiyohiyo kuna mtego. Kijana wangu alipoona ninavyofanya, akaanza naye: wiki moja asilimia 50, wiki iliyofuata 60, kisha 75. Aliweka kila hatua faili yake. Baada ya mwezi alizipiga noti zote, hakukosa hata moja, na hakuna kichwa kilichotikisika barazani. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni hivi: ile noti inayochelewa, kwa mwendo wake, inachelewa kiasi ambacho mkono unakihisi bila kukipima. Ukiushusha wimbo nusu, uchelewaji nao unakuwa mara mbili, na sasa unaweza kuuhesabu. Ukishauhesabu, unaupiga kama hesabu. Ukirudi kwenye mwendo wa kawaida unarudi na hesabu yako mkononi. Siku hizi namwambia asikae kwenye asilimia 50 zaidi ya kuelewa vidole vinakwenda wapi, kisha afunge kompyuta na kumfuata mzee uwanjani.

Kuhusu haki za wenye nyimbo nitasema kwa ufupi, maana mimi si mwanasheria. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa, unampa mtunzi haki ya kukataa kazi yake ipotoshwe kwa namna inayoichafulia heshima yake. Kushusha wimbo chumbani kwako hakumchafulii mtu chochote. Kuuweka hadharani, ukafuta jina la mwimbaji na kuweka la kwako, ni wizi kwa asilimia 80 kama ulivyo kwa asilimia 100. Na tuambiane ukweli: baadhi ya wanaoshusha nyimbo hizo hawatafuti huzuni wala uzuri, wanatafuta mashine za kampuni za mtandao zishindwe kuutambua wimbo. Hao wasijifiche nyuma ya DJ Screw.

Msimamo wangu, basi, haukai sawasawa katikati. Kushusha wimbo ili uusikie, ujue ndani yake kuna nini, nakutetea hata mbele ya mzee. Kuushusha ukauacha pale, ukauita mpya, kunanichosha upesi, na sebene iliyoshushwa sitaki kuisikia kabisa. Kwa nyimbo za taratibu na kijana aliye peke yake gizani sina neno.

Wiki iliyopita mzee alikuja tena. Kijana alikuwa anasikiliza kipande kifupi cha gitaa la zamani kwa asilimia 50, akikirudia. Mzee alisimama mlangoni, akasikiliza mara ya kwanza, ya pili. Akaingia, akakaa. "Rudisha pale. Ile ya polepole." Kijana akarudisha. Mzee akachukua gitaa, akapiga kipande hicho alivyokipiga miaka arobaini katika baa, akisema siku zote kwamba ndivyo mwenye wimbo alivyokipiga. Kompyuta ikapiga tena. Katika ya kompyuta hapakuwa na ile noti ya mwisho, ile ndogo ya juu anayoipenda. Walisikiliza mara nne. Haikuwepo.

"Eh," mzee akasema. "Njo kusema ile niliongeza mwenyewe."

"Utaitoa, Nkambo?"

"Miye? Hapana. Batu bamezoea yangu."