Kiingilio bure, mlangoni ngazi tatu

Matangazo ya matamasha yetu yanafanana. Wakubwa 10,000, watoto 5,000, na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Watu wenye ulemavu bure." Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu kwenye tamasha moja la namna hiyo. Anatumia kiti mwendo. Mlango ulikuwa na ngazi tatu. Vijana wanne wa ulinzi, kwa moyo mweupe kabisa, wakamnyanyua yeye na kiti chake. Mmoja akashika sehemu ya kuegemeza mkono, ambayo huchomoka, na nusura dada adondoke mbele ya foleni nzima iliyokwisha kutoa simu kupiga picha. Kiingilio kweli hatukulipa. Tukiwa njiani kurudi akaniambia angelipa hata 20,000 aingie kwa magurudumu yake mwenyewe.

Kisa hicho nilimsimulia rafiki yangu ambaye naye huandaa matamasha, ingawa lile halikuwa lake. Nilidhani atasikitika. Badala yake akanipigia hesabu.

"Kaka," akasema, "kabla tiketi ya kwanza haijauzwa nimeshalipa ukumbi, muziki, jenereta, ulinzi, vibali na malipo ya awali ya wasanii. Mwaka jana wenye viti mwendo walikuja wawili. Nijenge njia ya mteremko kwa watu wawili?"

Swali lake nimekaa nalo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, maana si la mtu mbaya. Waandaaji wengi wa hapa kwetu ni wafanyabiashara wadogo wanaocheza na mvua, umeme na wasanii wanaofika saa tano usiku. Ukumbi si wao, wameukodi kwa siku moja. Ngazi zile walizikuta. Ukiwaambia wabomoe, hata ruhusa ya kubomoa hawana.

Ila hoja ya "walikuja wawili" haisimami. Daladala isiyosimama kituoni haiwezi kusema kituo hicho hakina abiria. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta Watanzania zaidi ya milioni 61, na kati ya wenye umri wa miaka saba na zaidi, watu wenye ulemavu wakawa asilimia 11.2. Kenya, katika sensa yake ya mwaka 2019, ilipata asilimia 2.2 ya wenye miaka mitano na zaidi. Haiwezekani mtu akivuka Namanga miili ya watu ibadilike kiasi hicho. Kinachobadilika ni namna ya kuuliza, na kiwango cha shida unachoanzia kuhesabu. Maswali yanayotumika siku hizi hayamwulizi mtu kama ni mlemavu. Yanamwuliza kama anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Kwa kipimo hicho anaingia bibi mwenye magoti mabovu, anaingia mzee ambaye maandishi ya tiketi yanamcheza machoni, na wote hao ni wateja wa taarab na kwaya. Hawatumii kiti mwendo, kwa hiyo rafiki yangu hakuwahesabu, na wala hajui ni wangapi waliobaki nyumbani kwa sababu ya ngazi.

Tuje kwenye gharama, ambako ndiko mabishano yalipo. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji walau sentimita 12 za urefu wa mteremko. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, kwa hiyo unahitaji mteremko wa mita 5.4. Hiyo ni kazi ya seremala na mbao nene, na mbao zenyewe unaweza kuzihifadhi kwa tamasha lijalo au kumkodisha mwenzako. Kwa jukwaa, rafiki yangu yuko sahihi. Jukwaa la mita 1.2 linadai mteremko wa mita 14.4, urefu unaozidi basi la abiria. Katika uwanja mdogo hiyo nafasi utaitoa wapi? Akisema hapo hawezi, siwezi kumwita mkatili. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unapozungumzia marekebisho ya kumfaa mtu mmoja mmoja, unakubali kwamba kuna mzigo unaopita kiasi. Shida ni pale mzigo wa jukwaa unapogeuzwa kisingizio cha kuacha mambo ambayo hayana mzigo wowote.

Chukua kivuli. Kwenye hafla za mchana, iwe Mei Mosi au uzinduzi wa mradi, mahema huwa yapo. Yamekodiwa, yamefungwa vitambaa, na chini yake wamekaa wageni rasmi na maji ya chupa. Mtu mwenye ualbino, ambaye jua kwake ni hatari ya saratani ya ngozi, anasimama uwanjani na kofia. Tena wengi wao huona kwa shida vitu vilivyo mbali, kwa hiyo anaunguzwa na jua na hotuba haoni inatoka kwa nani. Kumpa hema moja lililo karibu na jukwaa hakuongezi shilingi kwenye bajeti. Kunampunguzia mkubwa fulani kiti, na nadhani hapo ndipo penye ugumu wenyewe.

Choo nacho kina habari yake. Watu wenye ulemavu wa viungo wanaohudhuria hafla ndefu huwa na mbinu ambayo mwandaaji haioni: hawanywi maji tangu asubuhi. Vyoo vya kuhamishika huwa na kizingiti na mlango mwembamba, na vya ukumbini mara nyingi vimegeuzwa stoo ya viti vya plastiki. Dada yangu akialikwa popote, swali lake la kwanza ni choo. Nani anatumbuiza, hilo atauliza baadaye.

Ukalimani wa lugha ya alama ni gharama ya kweli, na ni vyema kusema hivyo. Hafla ya muda wa saa tatu haiwezi kubebwa na mkalimani mmoja. Inahitaji wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini, kwa sababu akili na mikono huchoka. Na si kila anayejua alama ni mkalimani. Wala lugha ya alama si moja duniani: ya Tanzania si ya Kenya, na Kenya imeipa ya kwao hadhi ya lugha rasmi ya Bunge katika Katiba ya mwaka 2010, bega kwa bega na Kiswahili na Kiingereza. Sasa mwandaaji anayelipa wakalimani wawili halafu akawaweka kwenye kona yenye giza, nyuma ya moshi wa jukwaani, ametupa fedha zake. Taa moja isiyozimika ingetosha. Wapo wanaosema kiziwi hana haja na tamasha la muziki, na nimewahi kusikia hilo likisemwa kwa kicheko. Anayesema hivyo hajawahi kusimama karibu na ngoma akaisikia kifuani. Isitoshe, tamasha si nyimbo tu. MC anatania, wasanii wanatupiana vijembe, na moto ukizuka tangazo la kuondoka linatolewa kwa kipaza sauti.

Wasioona, kwa upande wao, wamejitengenezea suluhisho siku nyingi, na hakuna kamati iliyowafundisha. Mtu anakwenda uwanjani na redio ndogo sikioni. Mtangazaji anampa mpira ulipo, kelele za majukwaa zinampa mengine yote. Watangazaji wetu wa mpira kwa Kiswahili ni mafundi kiasi kwamba hata wenye macho hubeba redio. Ila matangazo ya intaneti huchelewa kwa sekunde kadhaa, na huko bao linashangiliwa kabla halijatangazwa. Redio ya masafa ya kawaida bado ndiyo mkombozi, na kiwanja kinachozuia mashabiki kuingia na redio kinawafunga macho mara ya pili.

Kuna jambo moja ambalo watu wenye ulemavu wenyewe hawakubaliani, nalo ni eneo maalumu. Wanaolitetea wana sababu nzito: unaona vizuri bila kuzibwa na wanaosimama, choo kiko karibu, mlango wa dharura uko karibu, na kuna mhudumu anayejua uko wapi watu wakianza kukimbia. Wanaolipinga wanasema eneo hilo huishia kuwa zizi. Unatenganishwa na familia, unawekwa pembeni ambako muziki unafika umepasuka, na kamera za televisheni zikihitaji picha ya huruma zinajua pa kwenda. Kwenye mpira ni kichekesho zaidi. Siku ya watani, Yanga wana upande wao na Simba wana wao, lakini wenye viti mwendo wakiwekwa sehemu moja, shabiki wa Simba anajikuta amezungukwa na Yanga, na bao la timu yake analishangilia kimoyomoyo.

Mimi naegemea upande wa kuwa nalo, kwa masharti mawili: mtu asilazimishwe kukaa hapo, na aruhusiwe kukaa na watu wake. Uwanja ukiwa mkubwa, liwe zaidi ya moja. Najua masharti hayo yanampunguzia mwandaaji nafasi za kuuza. Ni hasara ndogo inayohesabika, tofauti na ile ya mtu kuachana na watoto wake getini.

Kigumu kuliko vyote ni majengo ya kale. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001. Vichochoro, baraza, vizingiti vya milango ya nakshi, ngazi za mawe, vyote hivyo ndivyo vinavyowavuta watu kuja kwenye matamasha ya huko, na ndivyo vinavyomzuia mwenye kiti mwendo. Hapa sioni aliye na haki yote. Ule Mkataba, katika ibara ya 30, unadai kumbi za sanaa, makumbusho na maktaba zifikike, lakini ukifika kwenye maeneo ya urithi wa taifa unaongeza maneno "kadiri iwezekanavyo". Waliouandika walijua wanachokigusa. Athens, Ugiriki, waliweka lifti mpya ya kupanda Acropolis, kile kilima chenye mahekalu ya kale, mwishoni mwa mwaka 2020, na njia za zege zilizomwagwa huko juu wakati huohuo zikazua ugomvi mkubwa kati ya wataalamu wa mambo ya kale. Mtu wa hifadhi anayeogopa zege ana sababu ya kuogopa. Lakini mbao zinazowekwa jioni na kuondolewa alfajiri haziharibu jiwe. Na shughuli isiyowezekana ndani ya ngome, sehemu yake yaweza kufanyika kwenye uwanja wa tambarare ulio jirani.

Kwa majengo mapya utetezi huo haupo. Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON ya mwaka 2027, na Arusha unajengwa uwanja wa watu wapatao 30,000. Mteremko uliochorwa kwenye ramani tangu mwanzo ni zege kama zege nyingine, na unaosahaulika hulipiwa mara mbili, kujenga na kubomoa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ni ya mwaka 2010, kwa hiyo jengo la umma lililochorwa baada ya hapo likiwa halina njia, aliyelichora, aliyelikagua na aliyesaini malipo wote walikuwa na muda wa kutosha kuisoma. Mzigo huu naona uwalemee wenye kumbi na serikali kwanza. Mwandaaji anayekodi ukumbi kwa siku moja adaiwe vile vilivyo mkononi mwake: taarifa kwenye tangazo, kivuli, taa, nafasi ya msaidizi, mafunzo ya nusu saa kwa walinzi wa mlangoni.

Hayo yote nilimwandikia rafiki yangu, pamoja na pendekezo kwamba afute ile "bure", dada alipe kama wengine, na tiketi ya bure apewe anayemsaidia. Siku nne hakujibu. Ya tano akapiga simu, nyuma yake nasikia mwangwi wa ukumbi mtupu.

"Mlango wa choo nimeupima. Sentimita 64. Kiti cha dada kina upana gani?"

"Sitini na saba."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama namfahamu fundi wa milango asiye mghali.