Papa wa Sabasaba na sinema ambazo hatukuziona

Kila nikikaa na watu wa rika langu, tuliokulia Ilala, Kariakoo na Magomeni miaka ya sabini, mazungumzo yakigusa sinema hakosi mmoja wa kusema kwamba picha za kutisha za wakati ule zilikuwa na utaalamu ambao za leo hazina. Namheshimu, lakini nakataa. Nyingi ya picha zile ukizitazama leo utacheka mpaka machozi. Lile dubwana la Kijapani, Godzilla, tangu lilipoanza mwaka 1954 lilikuwa mtu ndani ya vazi zito la mpira, akikanyaga vijumba vya kuchezea. King Kong wa mwaka 1976 alitangazwa kwa mbwembwe kwamba ni mtambo mkubwa kupita kiasi, lakini mtambo wenyewe ulionekana kwa muda mfupi sana. Kwingine kote alikuwa Rick Baker kavaa ngozi ya sokwe. Hofu yetu haikutoka Hollywood wala Tokyo. Tuliitengeneza wenyewe, hapa hapa Dar, na wengi wetu tuliitengeneza bila hata kuiona picha yenyewe.

Majumba ya sinema yalikuwepo, wala si machache: Empire, Empress, Avalon, Odeon, New Chox, Cameo. Hela ndiyo haikuwepo. Tiketi ya mtoto mmoja ilikuwa ni hela ya unga wa nyumba nzima, na mzazi wa Ilala aliyekupa hela ya unga ukaenda nayo sinema, ulimjua. Halafu kulikuwa na lile tangazo la mlangoni, kwamba walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi, na picha za kutisha ndizo zilizobandikwa tangazo hilo kwa herufi kubwa kuliko zote. Mwaka 1976 ikaja na sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, pamoja na bodi yake ya ukaguzi. Televisheni ndiyo usiseme. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mapema miaka ya sabini. Sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994, wakati mimi tayari nina watoto wanaokwenda shule.

Kwa hiyo tulikula makombo. Mjini kulikuwa na kuta za nyuma za sinema ambako ukiegesha sikio ulisikia kila kitu: mlango unalia, mwanamke anapiga ukelele, watu wa ndani nao wanapiga ukelele, kisha kimya, kisha miluzi. Picha huioni. Msasani ilikuwa kinyume chake. Pale Drive-In, iliyofunguliwa mwaka 1966, pazia lilikuwa kubwa kiasi kwamba aliyepanda mkorosho nje ya uzio aliona mpaka meno ya shetani. Lakini sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vidogo vilivyotundikwa kwenye vioo vya magari, kwa hiyo sauti ilikuwa ya wenye magari, na sisi wa mkorosho tuliona midomo inafunguka tu. Wako waliosikia bila kuona, na wako walioona bila kusikia. Kesho yake shuleni pande mbili zilikutana na kushona nguo moja. (Kiwanja kile tangu mwaka 2003 ndipo ulipo ubalozi wa Marekani. Sidhani kama kuna mtoto anayepanda mti karibu na pale siku hizi.)

Aliyeshona vizuri kuliko wote mtaani kwetu alikuwa kaka mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi baiskeli. Kazi yake ya mchana ilikuwa kuziba pancha. Baada ya alasiri, fundi wake akishaondoka, aliipindua baiskeli ya mteja ikasimama kwa usukani na tandiko, akazungusha tairi la nyuma, akachomeka kipande cha boksi kwenye spoki. Trrrrrrr. Mashine ya sinema imewashwa. Sisi tunakaa chini, migongo ukutani. Kiingilio ni karanga, au kashata, au kumchotea maji ndoo moja. Hakuanza hadithi bila kuunguruma kama yule simba wa mwanzo wa picha, na aliyecheka wakati simba anaunguruma alitolewa nje, ingawa nje yenyewe tulikuwa tayari tumo.

Ilipofika zamu ya picha ya papa, ile ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, alitutesa kwa jioni kadhaa mfululizo. Wenyewe walioiona wanajua kisa: kisiwa cha Wamarekani, papa mkubwa anakula waogeleaji, mkuu wa polisi anataka ufukwe ufungwe, meya anakataa kwa sababu sikukuu yao ya Julai 4 inakaribia na wageni wanakuja na hela zao. Fundi wetu hakuwa na haja na Julai 4. Kwake ilikuwa Sabasaba. Kisiwa kilikuwa ng'ambo ya pantoni, Kigamboni. Mkuu wa polisi, ambaye kwenye picha kweli ni mtu aliyehamia kutoka mji mkubwa na anaogopa maji, akawa askari mgeni aliyeletwa kutoka bara, hajawahi kuiona bahari. Na meya akawa mjumbe wa nyumba kumi, mwenye kalamu mbili mfukoni. "Mgeni rasmi yuko njiani, halaiki imeshafanya mazoezi, wewe unaniambia bahari ifungwe? Bahari ni ya baba yako?" Tulikuwa watoto, lakini tulimjua mjumbe huyo. Kila mtaa ulikuwa naye. Papa alitisha, lakini mjumbe ndiye aliyetukosesha usingizi, maana papa hakuweza kuja Ilala.

Na ule muziki! John Williams aliujenga kwa noti mbili tu zinazorudiwa, polepole, kisha haraka. Fundi aliupiga kwa bisibisi kwenye debe tupu. Alijua kuuacha. Angepiga, akaacha, akatazama nyuma yetu, asiseme neno.

Mtoto mmoja ambaye baba yake alikuwa akiuza samaki Feri aliwahi kumkatiza. Aliuliza kwa nini wale Wamarekani wasimvue tu, wampasue, wamkaushe, maana papa wa namna hiyo angetosha kulisha Kariakoo yote kwa wiki. Swali la maana kabisa. Katika mji ambao papa mkavu analowekwa, anachemshwa na kuungwa na nazi, ni vigumu kumfanya mtu amwogope kitoweo. Fundi alifikiri kidogo, tairi bado linazunguka. "Huyo hakaushiki," akasema. "Ndani yake kuna watu." Siku ile nyumbani kulipikwa papa wa nazi. Nilikula wali kwa mchuzi, minofu nikamsogezea dada yangu, naye ambaye hakuwepo kijiweni akashukuru.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi picha ile ilivyopigwa, na hapo ndipo nilipopata ushahidi wa hoja yangu. Papa wa mitambo waliyemtengeneza, waliyempa jina Bruce, alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi. Spielberg akabaki na kamera, bahari, na dude halifanyi kazi. Ndiyo maana kwa zaidi ya saa moja mtazamaji hamwoni papa sawasawa: anaona maji, pezi, pipa linaloburutwa, anasikia zile noti mbili. Upungufu ndio ulioifanya picha iwe ya kutisha. Nasi kijiweni tulikuwa na upungufu mkubwa zaidi ya ule, hatukuwa hata na bahari. Fundi mwenyewe nilikutana naye Mbagala si zamani sana, nikamuuliza aliiona sinema gani ile picha ya papa. Akashangaa. "Nani alikuwa na hela? Mimi nilihadithiwa."

Kuna wanaosema, na hata wakati ule serikalini na magazetini lilisemwa, kwamba picha za kigeni zilitujaza utamaduni wa watu. Sikatai kwamba zilitujaza mambo. Baada ya Bruce Lee hapakuwa na uchochoro usio na mtoto anayerusha mateke, na mifupa iliteguka. Lakini kwenye za kutisha naona tulizichukua tukazipeleka tunakotaka.

Mfano ni Drakula. Kuna picha ya Drakula ya mwaka 1966 ambayo Christopher Lee hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Anakodoa macho na kufoka tu. Kwa mtoto wa Kariakoo asiyejua Kiingereza hilo ni zawadi, siku hiyo tulikuwa sawa na watazamaji wa London. Lakini kilichomfanya aeleweke si ukimya. Ni kwamba kwetu alishatangulia mumiani. Tangu enzi za wakoloni Afrika Mashariki yote ilivumishwa kwamba kuna watu wanakamatwa usiku na kunyonywa damu, na waliosingiziwa zaidi walikuwa zimamoto, na gari lao jekundu. Bibi yangu hakuwahi kuingia sinema maishani mwake. Nilipomsimulia habari za bwana wa kizungu anayelala jenezani na kufyonza watu shingoni, hakustuka hata chembe. Alinyonyoa mchicha wake akauliza ana gari? Nikasema hana, ana joho. "Basi huyo ana nafuu," akasema. "Wa kwetu alikuwa na gari." Nikaacha kumwogopa Drakula papo hapo, nikaanza kuogopa kituo cha zimamoto, ambacho basi letu lilipita mbele yake kila siku.

Picha za Kihindi ndizo zilizotuingia zaidi kuliko zote, na katika mambo ya kutisha malkia alikuwa yule mwanamke nyoka wa Nagin, ya mwaka 1976, anayewawinda mmoja mmoja marafiki waliomuulia mumewe. Hapo hata tafsiri haikuhitajika. Jini mwanamke, kisasi, nyimbo, machozi: mtu wa Pwani anakosa nini hapo? Mtaani ikavuma kwamba macho ya nyoka yanapiga picha ya aliyemuua, na mwenzake akiyatazama anakujua sura. Kwa hiyo nyoka aliyeuawa nyuma ya choo chetu mwaka ule alipigwa kichwa mpaka kikawa uji, kisha akachomwa moto, kisha majivu yakafukiwa, na bado yule kijana aliyempiga alilala kwa shangazi yake Temeke kwa muda.

Nikisema kuhadithia picha ni sanaa yetu, vijana wananitajia Lufufu, na wana haki. Kapteni Mukandala, maana ndilo jina lake, alichukua mikanda ya video ya kigeni akaimiminia Kiswahili chake juu, na vibanda vya video vya nchi nzima vikajaa watu waliokuja kumsikia yeye kuliko kuitazama picha. Madijei waliomfuata wanaishi kwa kazi hiyo mpaka leo. Wenye filamu wanalalamika kuhusu haki zao, na kisheria wana hoja. Ila sikubali anayeandika kana kwamba sanaa hii ilizaliwa na mkanda wa video. Lufufu alikuwa na picha mbele yake inayomwambia nini kinafuata. Fundi baiskeli alikuwa na debe, bisibisi na tairi, na kama hukumletea karanga papa alichelewa kutokea. Nashangaa vyuo vikuu vyetu vinaandika tasnifu juu ya majumba ya sinema, wenye majumba, waagizaji wa picha, na sijakutana bado na aliyekwenda na rekoda kukaa na hao wasimulizi wa vijiweni. Wengi wao wamevuka miaka sabini. Yule wa Mbagala ukimpa soda anakurudia papa wote, pamoja na mjumbe.

Picha ya Nagin fundi hakuimaliza kutuhadithia. Adhana ya magharibi ilimkuta katikati, wakiwa wamebaki watu wawili wa kuuawa, tukatawanyika, na kabla ya kesho yake jioni akawa ameondoka kwenda JKT. Niliitafuta picha hiyo nikaja kuiona kwa mkanda wa video, nikiwa mtu mzima, nyumbani kwa shemeji. Nililala kabla hawajafika hao wawili.