Dakika Moja ya Meku

Nina steshenari ndogo Moshi mjini, upande wa kwenda Mbuyuni. Natoa kopi, nalaminisha vyeti, naandika barua kwa kompyuta ya mezani ambayo niliinunua ikiwa na umri wake na sikuuliza miaka.

Asubuhi moja akaingia mzee kutoka Kibosho, koti zito, kofia hadi kwenye nyusi. Wazee wa namna hiyo tunawaita Meku.

"Shikamoo Meku."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeandika haraka?"

Nikasema ndiye. Laiti ningenyamaza.

Alitaka barua ya kupeleka baraza la kata. Mdogo wake kasogeza isale. Kwa asiyetoka mlimani: masale ni ile mimea ya majani marefu inayopandwa kuwa mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, na jani lake hilohilo ndilo unalompelekea mtu ukitaka akusamehe. Kwa hiyo kusogeza isale usiku ni kesi nzito, inataka maneno yaliyopimwa. Na Meku alikuja kuyapima palepale mbele yangu. Anatoa sentensi moja, anafungua kikopo cha ugoro, ananusa, anapiga chafya, anazitazama Hiace zinavyopita, anaguna, ndipo anakupa nusu ya sentensi ya pili. Mimi vidole vimeelea hewani kama mpiga kinanda wa kanisani anayemngoja padri amalize kukohoa.

"Andika: kasogeza isale hatua tatu."

Nikaandika. Akafungua ugoro. Kwenye skrini kikatokea kiboksi cha Kiingereza kusema hakuna mawasiliano, kisha giza.

Nikatazama juu: balbu inawaka, feni inazunguka. Nikatazama monita: kijitaa chake cha bluu kimegeuka rangi ya chungwa. Nikafanya kile ninachokifanya kwa kila chombo kinachonigomea. Nikakibonyeza kitufe kikubwa cha sipiyu na kukishikilia mpaka ikanyamaza kabisa. Nilipowasha tena, ikawaka kama bibi harusi. Barua haipo. Sikuwa nimesevu.

"Samahani Meku, tuanze upya."

Hakukasirika. Nadhani alifurahi kupata nafasi ya kusimulia tena. Safari hii isale likawa limesogea hatua sita. Akachukua ugoro, giza likarudi, nami nikarudi kwenye kitufe changu. Nikachomoa waya wa monita, nikaupuliza, nikaukaza skrubu mpaka kidole kikauma. Mara ya tatu hatua zilifika kumi na migomba miwili ikawa imekatwa. Giza. Kitufe.

"Umeona?" Meku akawaambia wateja, maana foleni ilishaanza. "Inazima kila tukifika kwa mdogo wangu."

Mama wa chapati wa mlango wa pili akachungulia, akasema hilo isale lenyewe ndilo linakataa kuandikwa. Watu wawili wakaitikia kwa kichwa. Mmoja wao alikuja kutoa kopi ya diploma.

Nikaifunga monita kwenye kitenge, nikaipakata kwenye bodaboda hadi kwa fundi. Akaichomeka, akawa anachezesha maus, anafungua hiki anafunga kile, huku ananisimulia habari za shemeji yake. Nusu saa nzima haikupepesa jicho.

"Nzima hii. Nipe 5,000."

"Ya nini kama ni nzima?"

"Ya kukuambia ni nzima."

Niliporudi, Meku alikuwa amekalia kiti changu, na foleni imeshagawanyika: upande wa kaka na upande wa mdogo, ambaye hata hawajamwona. Tukaanza mara ya nne. Ugoro, chafya, giza. Mkono wangu ukaenda kwenye kitufe.

"Kaka, acha!" Alikuwa kijana wa chuo, aliyekuja kuprinti CV. Akanyoosha mkono, akatikisa maus. Skrini ikawaka. Barua ipo, yote, mpaka kile kimkia kinachopepesa mbele ya neno "usiku".

Nilihisi baridi tumboni. Maana yake zile tatu nazo zilikuwepo, zimetulia gizani, mimi ndiye niliyeziua kwa kidole changu.

"Umeweka izime baada ya dakika ngapi?"

Hapo nikakumbuka. Mwezi uliopita Luku ya umeme ilinitia hasira, nikaingia kwenye mipangilio ya umeme, nikakuta skrini imewekewa dakika 10, nikaibana hadi moja. Nilijisifu siku nzima. Baadaye nilipiga hesabu. Monita yangu inakula kama wati 20, yaani inahitaji saa 50 kumaliza yuniti moja, na yuniti moja haifiki shilingi 400. Na hesabu hiyo niliipiga huku nikichemsha chai kwa birika la umeme linalokula wati 2,000, mara nne kwa siku.

Nikajifanya mjuzi, nikafungua mipangilio, nikaweka isizime kamwe. Meku akanusa, skrini ikazima.

"Umegusa mstari wa chini," kijana akasema. "Huo ni wa kompyuta nzima kulala. Wa skrini ni wa juu."

Meku alisogea, akavaa miwani. "Wa juu?"

"Wa juu, babu. Ukiweka dakika moja, mwandishi asipogusa kitu inazima."

"Na mwandishi akiwa hajui?"

"Atahangaika kama huyu."

Barua ikaisha saa nane. Isale lilikuwa limefika hatua kumi na nne na kumpita mbuzi. Nikamtoza shilingi 1,000 ya ukurasa mmoja, akaikunja barua mara nne na kuiweka ndani ya kofia.

Jumatatu iliyofuata simu ikaita, namba ngeni.

"Kijana, ni Meku wa Kibosho. Mdogo wangu kapata barua, anashuka huko kuandika majibu. Nimemwelekeza kwako, nimemwambia unaandika haraka."

"Asante sana, Meku."

Nikasikia kikopo kinafunguliwa, halafu chafya.

"Ule mstari wa juu," akasema, "huwezi kuurudisha dakika moja?"