Mkaguzi wa dawa aulize pia mikataba

Niliwahi kufanya kazi upande wa kufungasha kwenye kiwanda kimoja cha dawa hapa Kampala. Kabla ya kuingia unavua pete, hereni na saa, unavaa ovaroli, kofia ya nywele na barakoa. Ukishaingia huli, hunywi hata maji. Hayo sikuyalalamikia, dawa inataka usafi. Kila hatua inaandikwa kwenye rekodi ya bachi, yaani fungu la dawa linalotengenezwa kwa pamoja, na ukikosea huruhusiwi kufuta: unakata mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, kisha unatia saini na tarehe. Maana yake usalama wa mgonjwa unategemea mfanyakazi aliye tayari kusema "hapa pana kosa".

Sasa mweke hapo kibarua wa kulipwa kwa siku.

Nilimwona dada mmoja akiokota kidonge chini ya mashine. Kilikuwa cha rangi nyingine, cha bachi iliyopita, ilhali fomu ilionyesha kuwa mashine na sakafu vimeshasafishwa. Alikishika kiganjani, akamtazama msimamizi, akautazama mlango. Mwishowe akasema. Mashine zikasimamishwa, kila kitu kikakaguliwa upya, hesabu ya siku ikaharibika. Wiki iliyofuata hakuitwa kazini. Hakuna aliyetueleza sababu, ila wenzake walielewa, na tangu hapo kila mtu akawa anafagia bila kutazama anachofagia. Hilo linanikera mpaka leo, kwa sababu vidonge hivyo humezwa na watoto wetu.

Kanuni za Ajira za 2011 zinakataza kumweka mtu kwenye ukibarua zaidi ya miezi minne. Tulichokiona ni kwamba miezi ikikaribia kutimia unapumzishwa, halafu unaitwa upya kama mgeni. Kima cha chini cha mshahara kisheria bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuuridhia.

Wakaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa wanapima maji, hewa na rekodi, na wafanye hivyo. Lakini waulize pia: walioendesha mashine hii mwaka jana wako wapi? Kiwanda kinachobadilisha vibarua kila baada ya miezi michache hakiwezi kudai kina watu wenye ujuzi, hata fomu za mafunzo zikiwa zimesainiwa zote. Nataka mikataba ya watu wa kufungasha iwekwe mezani siku ya ukaguzi, pamoja na orodha ya walioripoti kosa na kama bado wapo kazini.