Sindano ya Depo na uvimbe wa ubongo: hesabu ya mara 5 isomwe yote

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya akina mama hapa Mwanza kuna ujumbe unazunguka kwamba sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, Depo, inaleta uvimbe kwenye ubongo, na wengine wameshaanza kuikwepa. Ukimuuliza nesi utaambiwa ni uzushi tu. Hapana, sio uzushi, ila pia sio sababu ya kuikimbia.

Machi 2024 jarida la kitabibu la BMJ lilitoa utafiti wa Ufaransa, wakachukua wanawake 18,061 waliofanyiwa upasuaji wa meninjioma, ule uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, wakawalinganisha na wengine 90,305 wasiofanyiwa upasuaji huo. Hatari kwa waliochoma Depo mwaka mmoja au zaidi ikaonekana ni zaidi ya mara 5. Hiyo mara 5 ndo imebebwa kwenye ujumbe, namba nyingine zote zikaachwa. Maana kati ya wale 18,061 waliopasuliwa, waliokuwa wametumia Depo walikuwa 9. Tisa! Na kwenye wale 90,305 walikuwa 11. Ufaransa sindano hii haitumiki sana, kwa hiyo watafiti wamehesabu kwa watu wachache mno, na wenyewe wanasema hatari inaweza kuwa mara 2 au hata mara 13. Uhusiano upo, ukubwa wake ndo bado haujashikika.

Sasa mtu atasema huku kwetu wanaochoma ni wengi, basi na madhara yatakuwa mengi. Hoja hiyo ina uzito kabisa. Lakini meninjioma kwa mama wa miaka 25 au 30 ni nadra sana, inawapata zaidi waliokwisha kuzeeka, na kama asilimia 80 ni za daraja la kwanza, zinakua taratibu na sio saratani ya kusambaa.

Halafu tuangalie nani anaitegemea hiyo sindano. Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, mume yuko kambi ya uvuvi huko visiwani Ukerewe na hataki hata kusikia habari ya uzazi wa mpango. Vidonge vitaonekana kwenye mkoba, kipandikizi kinapapasika mkononi, sindano haiachi kitu. Ukimtisha huyo akaiacha, kinachofuata ni mimba asiyoitaka, na nchi hii kwa takwimu za 2022 inapoteza akina mama 104 katika kila vizazi hai 100,000, hapo tumeshashuka kutoka 556 za 2015/16. Najua hatari ya uvimbe na vifo vya uzazi ni vipimo visivyolingana moja kwa moja, ila mimi nikiweka hatari mbili mezani naona wazi ipi inaua zaidi hapa Kanda ya Ziwa.

Ila hiyo haimpi nesi ruhusa ya kunyamaza. Mama aambiwe, na anayechoma miaka na miaka aulizwe kila anaporudi: kichwa kinauma na hakiachi, hasa ukiamka asubuhi? Macho yanafifia? Mkono au mguu wa upande mmoja unalegea? Na mtu mzima akipata degedege kwa mara ya kwanza asizungushwe kwa waganga, aandikiwe rufaa hospitali ya Bugando akapigwe picha ya kichwa, CT skani au MRI ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha.

Akikutwa na meninjioma, Depo aiache, maana kuna uvimbe wa aina hii uliosinyaa baada ya homoni kusimamishwa. Ukiwa mdogo na hausumbui madaktari wanaufuatilia kwa MRI za kurudia, ukibana ubongo wanapasua, na ukibaki sehemu isiyofikika kwa kisu kuna mionzi. Na uzazi wa mpango hauishii hapo kwake. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, na kile chenye homoni ya levonojestreli utafiti huohuo haukukuta kikiongeza hatari, halafu vyote vinakaa ndani, mume hana cha kuona.